Pimbi, Mama Mkwe na Waya wa Kiboko

— Paukwa!

— Pakawa!

— Pakawa nini?

— Pakawa kioo ukutani!

— Kioo kinaonyesha nini?

— Kinaonyesha chenga!

— Chenga kwa nini?

— Bando limekwisha!

Haya, mmejibu vizuri, ingawa kuna mmoja amejibu huku macho yako kwenye simu. Wewe mwenye sweta jekundu, iweke chini. Haina kitu hiyo, hata ukiitikisa. Baba yenu anaongeza bando huko nje, na likiingia tutajua. Mpaka hapo mtanisikiliza mimi. Mpo?

— Tupo!

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana televisheni zilikuwa zimeshafika, aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua. Kanyama kadogo, kanene, hakana mkia, na mdomo wake haupumziki. Aliishi na mkewe Sikujua katika tundu la mwambani. Lilikuwa tundu zuri, la chumba kimoja, na hicho kimoja ndicho kilichokuwa sebule, jiko na chumba cha kulala.

Chini ya mwamba palikuwa na bwawa, na bwawani aliishi Kiboko. Kiboko ndiye aliyekuwa na kebo. Nchi nzima ile, ukitaka kuona picha, waya lazima utoke bwawani kwa Kiboko, upite juu ya miti, ushuke mpaka tunduni kwako. Mwezi ukiisha, Kiboko anapita kukusanya maboga. Hapokei kingine. Ukimpa boga, anafunua kinywa, ngwap! Boga limekwenda. Usipompa boga, anaubana waya kwa meno, kap! Kioo kinabaki chenga, chhhhhh.

Na usidhani ulikuwa unachagua. Utasema, "Mzee Kiboko, mimi nataka tamthilia tu." Kiboko atacheka, hoo hoo hoo! Atasema, "Tamthilia tu haipo. Ipo ndani ya kifurushi." Na ndani ya kifurushi mna nini? Mna chaneli ya Kiboko anaoga. Mna chaneli ya Kiboko anapiga miayo. Mna chaneli ya marudio ya Kiboko akipiga miayo. Mna chaneli ya kuuza sufuria. Halafu huko chini kabisa, ukibonyeza rimoti mpaka kidole kinakufa ganzi, ndipo ilipo tamthilia.

— Si ungejitoa tu, Bibi?

Ujitoe uende wapi? Kicheche alijaribu. Alichoka, akauma waya, akasema, "Mimi na kebo basi." Kiboko akaenda nyumbani kwake. Hakugomba, hakutukana. Alimkalia tu. Mpaka leo mnamwona Kicheche alivyo mwembamba.

Kisha Kiboko akatangaza, wanyama wote wakasikia: "Waya ni wangu! Wa kuutoa ni mimi peke yangu! Na penye waya wangu, picha nyingine haiingii. Ikiingia, na mimi naingia!"

Wanyama wakatazama milango ya matundu yao. Wakatazama kiuno cha Kiboko. Wakaendelea kulipa.

Lakini shida ya Pimbi haikuwa Kiboko. Maboga alikuwa analima, na miayo ya Kiboko alikuwa ameshaizoea. Shida ya Pimbi ilikuwa mama mkwe.

Mama yake Sikujua alikuja kuwasalimia. Alisema anakaa siku mbili tatu. Kwao waya ulikuwa haujafika, na siku ile ile aliyofika, kabla hata ya kuvua kanga ya safari, akakuta kioo kinaonyesha tamthilia ya Kwato za Mapenzi. Akaketi. Akauliza, "Huyu Swala analia nini?" Sikujua akamweleza kwamba Swala alipotea utotoni, na sasa anataka kuolewa na Pofu, lakini watu wanasema Pofu ni mjomba wake.

"Maskini!" alisema mama mkwe. "Naona mwisho wake kisha naondoka."

Basi. Hilo ndilo neno lililomponza Pimbi. Maana tamthilia ile, kila ikikaribia mwisho, mtu mmoja anapoteza kumbukumbu, na inabidi kuanza upya kumweleza.

Na mila za kina Pimbi si mnazijua? Mkwe na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Mkwe akimwona mama mkwe anatafuna, ni aibu. Mama mkwe akimsikia mkwe anakoroma, ni aibu kubwa zaidi. Mama mkwe akiingia, mkwe anatoka. Mama mkwe aliingia. Pimbi akatoka.

Alidhani anatoka kidogo. Akala nje, juu ya jiwe. Akalala nje, juu ya jiwe. Mvua ikanyesha, ikamkuta juu ya jiwe. Akitaka shati lake, anakohoa mlangoni, kho kho.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Subiri tangazo."

Pimbi anasubiri tangazo. Tangazo likija, mama mkwe anajifunika kanga usoni, Pimbi anaingia mbio akiwa amegeuza shingo, anachukua shati, anatoka mbio. Siku nyingine tangazo ni fupi, anatoka na soksi moja. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kuingia nyumbani mwake, nyumba aliyoichimba kwa kucha zake mwenyewe. Ilimuuma sana.

Kila asubuhi anamuuliza mkewe, "Mke wangu, imefika wapi?"

"Swala amegundua kwamba Pofu si mtoto wa Pofu."

"Na mama?"

"Mama yupo."

Kesho yake tena: "Imefika wapi?"

"Pofu ameamka hospitali, hamjui Swala."

"Na mama?"

"Mama yupo."

Wajukuu zangu, kaeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Siku moja Sikujua alitoka nje anakimbia. "Baba watoto! Wametangaza! Ijumaa ndiyo mwisho! Kipande cha mwisho kabisa!"

Pimbi aliruka juu kwa furaha. Akaenda shambani, akang'oa karanga za mama mkwe za safari, akazifunga vizuri. Akamfagilia njia ya kwenda kwao, mpaka kwenye kona, akatoa hata mawe. Watu wakasema, tazama mkwe mwenye adabu yule!

Ijumaa ikafika. Mama mkwe kaketi. Muziki umeanza. Swala kavaa shela. Mara, kap!

Chhhhhh.

Sauti ya Kiboko ikanguruma kutoka bwawani: "Kuanzia leo Kwato za Mapenzi imehamia kifurushi cha Wakubwa! Anayetaka mwisho wake alete maboga yote ya shambani! Yote! Na mbegu zake!"

Pimbi, nje juu ya jiwe, akasikia sauti ya mama mkwe, sauti ya upole kabisa.

"Sikujua, mwanangu, usihangaike. Mimi sina haraka. Nitasubiri mpaka irudi. Hata kama ni mwakani."

Pimbi alikaa chini. Alilia, wala sifanyi utani. Akitoa maboga yote, watakula nini? Asipotoa, ataishi juu ya jiwe mpaka azeeke. Alilia mpaka kamasi zikamtoka.

Sasa, kileleni mwa mwamba palikuwa na mnara, na juu ya mnara alikaa Kunguru. Kunguru alikuwa na intaneti. Hakuna aliyejua ameitoa wapi, na Kunguru si mtu wa kumuuliza vitu vyake amevitoa wapi. Pimbi akapanda mpaka juu.

"Ndugu yangu Kunguru, hiyo intaneti yako inaonyesha Kwato za Mapenzi?"

"Kwaa! Inaonyesha yote," alisema Kunguru. "Haina waya, inapita hewani. Unachagua unachotaka, unaangalia saa unayotaka. Unanipa karanga kiganja kimoja tu."

"Na mwisho upo?"

"Mwanzo upo, katikati ipo, mwisho upo. Ukitaka, anza na mwisho."

Pimbi nusura ambusu. "Njoo basi, leo hii!"

Kunguru akatikisa kichwa. "Tunduni kwako mna waya wa Kiboko. Nikileta picha mle, Kiboko anaingia. Akishaingia kwako, anapanda kwangu. Waya utoke kwanza, na autoe mwenyewe. Mimi nina mabawa, lakini kiota changu hakina."

Pimbi akashuka. Alikuwa anashuka huku anafikiri, na alipofika chini alikuwa amemaliza kufikiri. Akafuta kamasi. Akaenda moja kwa moja bwawani.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umeleta maboga?"

"Maboga yanakuja, Mzee. Ila moyo unaniuma. Nimeshindwa kunyamaza. Unaibiwa."

Kiboko akatoa masikio majini. Akatoa macho. Akatoa shingo. "Naibiwa?"

"Unaibiwa, Mzee. Hebu niambie, wewe ndiye unayejua mambo ya maji. Mtu akifunga bomba, yale maji yaliyo ndani ya mpira yanakwenda wapi?"

"Yanabaki ndani ya mpira. Hata mtoto anajua."

"Sasa ukibana waya, picha zilizo ndani ya waya zinakwenda wapi?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwa Kiboko kunaonekana, maana maji yanatoa mapovu, bwebwebwe. Maji aliyajua tangu alipozaliwa, na hapakuwa na mtu wa kumdanganya kuhusu maji.

"Zinabaki," alisema polepole, "ndani ya waya."

"Mimi sijasema, Mzee. Umesema mwenyewe."

"Na waya uko..."

"Uko matunduni kwao. Ukishabana tu, wanashika ncha, wanaunyonya kama muwa. Baba, mama, watoto, fyoo fyoo! Kwangu mimi nimewakataza, lakini majirani, Mzee, nisiseme."

"Bure?"

"Bure kabisa. Bila boga."

Kiboko akapiga kelele, ndege wakaruka. "Nitawakalia!"

"Utawakalia wangapi? Utachoka bure, na umri huo. Vuta waya wako, Mzee. Wote. Utakuja na picha zake zote ndani. Utakunywa tamthilia peke yako, mwanzo mpaka mwisho. Wao wabaki na ukuta, waje wakulilie."

Kiboko alilipenda neno "peke yako". Alilirudia mara kadhaa. Kisha akauliza, "Lakini waya mrefu hivyo nitauzungushia wapi?"

"Hapo ndipo nami nilipokwama," alisema Pimbi. "Tunahitaji kitu cha mviringo. Kikubwa. Kisichovuja." Akatazama huku, akatazama huku. Kisha akatazama tumbo la Kiboko, kwa heshima kubwa. Kiboko naye akalitazama.

"Ila Mzee," alisema Pimbi, "watangazie kwanza kwamba unautoa mwenyewe. Nisije nikakaliwa mimi."

Kiboko akapanda kwenye mteremko, akafunga ncha ya waya kiunoni, akanguruma: "Natoa waya wangu! Nautoa mwenyewe! Asiguse mtu!" Akajilaza, akaanza kubiringika. Pimbi akamwimbia, na ninyi itikieni:

— Biringika, Mzee, biringika!

— Biringi, biringi!

— Waya uje, picha zije!

— Biringi, biringi!

Kwa Nungunungu waya ukachomoka, fwaa! Kwa Kicheche, fwaa! Kwa Pimbi, fwaa! Ukapita miguuni kwa mama mkwe, na mama mkwe akainua miguu bila hata kuuliza. Waya ukaja, ukazunguka tumbo. Ukaja, ukazunguka kifua. Kiboko akaweka mdomoni ncha moja iliyochomoka, akanyonya, fyoo. Hakuna kitu.

"Hazijashuka bado," alisema Pimbi. "Ongeza kidogo."

— Biringika, Mzee, biringika!

— Biringi, biringi!

Akaongeza. Waya ukazunguka shingo. Akanyonya, fyoo. Hakuna kitu. Safari hii hakusubiri kuambiwa, tamaa ilikuwa imeshamshika. Akabiringika kwa nguvu zake zote, na waya ukazunguka mdomo, mara moja, mara mbili, ukakaza, kriiik! Akaporomoka mteremkoni, akaingia bwawani, chubwiii!

Yakabaki nje masikio, macho na matundu ya pua.

"Mmmmm!" alisema Kiboko.

"Asante kwa huduma, Mzee," alisema Pimbi. "Umeutoa mwenyewe, sote tumeshuhudia."

Wanyama wakacheza ngoma siku ile. Kila mmoja akakimbilia kwa Kunguru na kiganja cha karanga. Huyu anataka mpira, kiganja. Huyu anataka katuni, kiganja. Anayetaka mpira na katuni na tamthilia, viganja vitatu. Kunguru akajenga kiota cha pili cha kuwekea karanga, kisha cha tatu, lakini hakuna aliyehesabu, maana walikuwa huru.

Pimbi yeye alitaka kitu kimoja. Kunguru akaleta picha, na Kwato za Mapenzi ikaanza pale pale ilipokatikia. Swala kavaa shela. Pimbi kakaa nje, sikio mlangoni. Akasikia Pofu amekumbuka. Akasikia si mjomba. Akasikia vigelegele vya harusi, na ndani mama mkwe analia na Sikujua analia, na Pimbi naye, sitawaficha, akatokwa na chozi. Kisha muziki ukapungua. Ikaisha.

Mama mkwe akashusha pumzi, aaah! Kitambaa cha safari kikasikika kinafungwa, kwaru kwaru.

"Baba," mama mkwe aliita kutoka ndani. "Nimeona mwisho. Naomba unisindikize."

Jamani, furaha ya Pimbi! Aligeuka mgongo kwa adabu, akapokea mzigo kwa nyuma, akauweka kichwani. Mama mkwe akatoa mguu mmoja nje. Pimbi aliuona kwa pembe ya jicho. Mguu wenyewe, nje ya mlango.

Mara, huko ndani, ti-ting!

Sauti tamu ikasema: "Umependa Kwato za Mapenzi? Basi utapenda Pembe za Wivu. Inaanza sasa hivi." Na ikaanza. Hakuna aliyegusa kitu. Ikaanza yenyewe, na Tandala mmoja akapiga ukelele kwamba mtoto si wake.

Mguu ukasimama.

"Hebu ngoja kidogo, baba," alisema mama mkwe. "Naona mwanzo tu."

Mguu ukarudi ndani.

Pimbi alitupa mzigo, akapanda mwamba mbio, ulimi nje. "Kunguru! Hii nyingine inaisha lini?"

"Ikiisha inaanza nyingine," alisema Kunguru huku anatafuna karanga. "Nayo ikiisha inaanza nyingine. Ndiyo uzuri wake."

"Haya, na matangazo yanakuja saa ngapi? Nina shati langu mle ndani."

Kunguru akajivuna, akatanua mabawa. "Ndugu yangu, hii si kebo. Matangazo hakuna. Hata moja!"

Pimbi alishuka polepole mpaka bwawani, akachuchumaa ukingoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Samahani kwa yaliyopita. Hivi, huwezi kunipa kipande kidogo tu cha waya? Kwangu tu. Nitaleta maboga yote. Na mbegu zake. Halafu unibanie, kap, mara moja kwa siku."

"Mmmmm," alisema Kiboko.

Ndiyo maana mpaka leo Kiboko anashinda majini kutwa nzima. Anasubiri waya ushike kutu ukatike. Na mkimtazama shingoni mtaona mikunjo ya waya ule. Na ndiyo maana mkipita mwambani mchana mnamwona Pimbi kakaa juu ya jiwe, ametulia, anaota jua. Watu husema Pimbi anapenda jua. Hapendi jua. Mama yupo ndani.

— Sasa funzo lake nini, Bibi?

Funzo liko wazi. Mdogo asimdanganye mkubwa. Boga la kebo lilipwe kwa wakati. Na mgeni, hasa mgeni mwenye umri wake, asiulizwe ataondoka lini, maana anajua mwenyewe, na akisema anaangalia kidogo ni kidogo kweli.

— Lakini Bibi, Pimbi si alimshinda Kib...

Usinikatize. Hadithi yangu naibana hapa, kap! Aliyeipenda aende nayo, asiyeipenda akamlilie Kiboko.

Ti-ting!

Mmesikia? Bando limeingia. Nipe hiyo simu, mjukuu wangu, unawekea kidole wapi, siyo hapo. Hapo, ndiyo. Na mmoja wenu atoke nje, pale kwenye jiwe, amwambie baba yenu nasema ahsante sana kwa bando. Shati lake mtampelekea.

Mwambieni naona mwisho wa hii, kisha naondoka.